Kusafisha taka sumu katika kiwanda kilichotelekezwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanaoishi jirani na viwanda vilivyofungwa, na wanunuzi wa viwanja vya zamani, na vijana wanaoitwa kufanya kibarua cha siku mbili cha "kutoa mapipa". Kama una haraka, soma swali la nne na la tano kwanza.

1. Kiwanda kimefungwa miaka ishirini sasa. Sumu si itakuwa imeshaisha nguvu?

Hapana, na dhana hii imeumiza watu wengi mno. Risasi, zebaki, aseniki na kromiamu ni elementi. Hazivunjiki zikawa kitu kingine, ziwe zimekaa mwaka mmoja au mia. Mgodi wa risasi wa Kabwe, Zambia, ulifungwa mwaka 1994, lakini vumbi lake limeendelea kuwafikia watoto waliozaliwa muda mrefu baada ya hapo. Mafuta ya transfoma za zamani yenye PCB (kundi la kemikali za viwandani zenye klorini) nayo yalipendwa viwandani kwa sababu hayaharibiwi kirahisi na joto wala na muda.

Kinachoisha nguvu ni vile vitu vilivyokuwa vinaizuia sumu isitoke. Pipa la chuma huliwa na kutu kuanzia chini, mahali usipopaona. Paa likitoboka, mvua inaingia kwenye ghala lenye unga ambao haukutakiwa kuguswa na maji. Mpira wa vali unakauka na kupasuka, lebo inafifia kwa jua. Na yule aliyejua kilichomo kwenye tangi la tatu amestaafu, amehama au ameshafariki.

Zipo pia kemikali zinazozidi kuwa hatari kadiri zinavyokaa. Chupa ya etha iliyofunguliwa kisha ikasahauliwa hutengeneza peroksidi, na fuwele zake zikiganda kwenye kifuniko, kule kukizungusha tu kunaweza kuilipua. Tindikali ya pikiriki iliyohifadhiwa na maji yake haina makali hayo, lakini ikikauka ni kilipuzi. Ndiyo maana maabara ndogo ya kiwanda, kile chumba chenye makabati ya mbao ambacho wengi hukipita bila kukitazama, humtia mtaalamu hofu kuliko matangi makubwa ya nje.

2. Dalili gani zinaonyesha kuna taka za hatari?

Mapipa yaliyovimba au yaliyobonyea yenyewe. Udongo wenye rangi isiyo ya kawaida: njano au kijani ya kromiamu, buluu iliyokolea, weusi unaong'aa. Sehemu ambayo nyasi hazioti hata baada ya mvua. Harufu ya viyeyusho (vimiminika vya kuyeyushia rangi, grisi na kadhalika), ya mayai viza, au ya dawa za wadudu. Utando wa mafuta juu ya maji ya mtaro.

Tafuta pia alama. Vibandiko vya umbo la almasi vyenye mpaka mwekundu huonyesha aina ya hatari: fuvu, moto, ngozi inayounguzwa. Bamba la rangi ya chungwa huwa na namba ya tarakimu nne inayotambulika dunia nzima. 1203 ni petroli, 1017 ni klorini, 1689 ni sianidi ya sodiamu. Ukiiona namba, piga picha kwa mbali ukikuza kwa kamera, usisogee.

Pua isiwe kipimo chako. Hidrojeni salfaidi, ile ya mayai viza, ikiwa nyingi huua uwezo wa kunusa, kwa hiyo harufu inapopotea ghafla huenda hali imekuwa mbaya zaidi. Gesi ya sianidi wengi hawaisikii kabisa.

3. Mtoto ameingia humo na kugusa kitu. Nifanye nini sasa hivi?

Mtoe mahali penye hewa safi. Mvue nguo zote pamoja na viatu, maana nguo ndizo zinazoendelea kumtia sumu. Kama ni unga mkavu, upanguse kwanza kwa upole kwa kitambaa, kisha mwagia maji. Mwoshe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, na kama ni machoni, shika kope zikiwa wazi wakati wote huo. Jilinde nawe: vaa glavu au hata mifuko ya plastiki mikononi.

Kama amemeza, usimtapishe, na usimpe maziwa wala mafuta kwa kubahatisha. Tindikali iliyounguza koo ikishuka, itaunguza tena ikipanda, na kiyeyusho kinaweza kuingia mapafuni. Mpeleke hospitali, ukiwa na picha ya lebo au maelezo ya mahali alipokuwa. Nguo zifunge kwenye mfuko, usizipeleke kufuliwa na nguo za wengine.

Kama alichokileta nyumbani ni zebaki, ile metali ya maji inayong'aa ambayo watoto huipenda, usiifagie na usitumie mashine ya kufyonza vumbi. Zote mbili huisambaza, na zebaki hugeuka mvuke kwenye joto la kawaida la chumba. Fungua madirisha, toa watu, funga mlango wa ndani, ita wataalamu.

4. Kwa nini kazi isianze tu kwa kubeba mapipa na kuyatoa? Hapa tunaona wataalamu wanazunguka na karatasi wiki nzima.

Zile karatasi ndizo zinazookoa watu. Atakayebeba kabla ya kujua anabeba mtego.

Hatua ya kwanza ni kuujua uzalishaji. Kiwanda kilitengeneza nini, kwa njia gani, miaka ipi? Kiwanda cha ngozi huacha kromiamu na salfaidi. Karakana ya kupaka vyuma nikeli, zinki au kromu huacha sianidi upande mmoja na tindikali upande mwingine. Kiwanda cha betri huacha risasi na tindikali ya salfuriki. Cha kutibu mbao huacha aseniki, shaba na kreosoti. Kiwanda cha gesi ya makaa ya mawe huacha lami, benzini na udongo wa buluu wenye sianidi. Ukishajua shughuli, umeshajua nusu ya sumu.

Kisha zinatafutwa nyaraka: ramani za mabomba, vitabu vya stoo, stakabadhi za manunuzi, barua za zamani za wakaguzi, picha za angani. Hesabu rahisi ya stoo hufichua mengi. Kama tani fulani za kiyeyusho ziliingia kila mwaka na bidhaa zilizotoka hazina kiyeyusho hicho, kilikwenda wapi? Mara nyingi jibu liko chini ya sakafu.

Halafu wanatafutwa watu. Hapa ndipo ninapogombana na wenzangu wa fani hii, kwa sababu wengi huitoa hatua hii ili kuokoa siku mbili. Mlinzi, dereva wa forklifti, fundi bomba, mama aliyekuwa akisafisha maabara: hawa wanajua mambo ambayo hayakuandikwa popote. Katika kazi moja niliyoshiriki tulikuta mapipa 11 yenye lebo safi kabisa ya sabuni ya maji. Mzee mmoja aliyekuwa mtunza stoo alisimama mlangoni, hakuruhusiwa kuingia, akanyoosha kidole na kusema, "Hayo tulikuwa tunayatumia tena. Sabuni iliisha zamani." Tulipoyapima, saba yalikuwa na maji ya suuza yenye sianidi. Hatua tatu kutoka pale kulikuwa na madumu ya tindikali, na mpango wa siku hiyo ulikuwa kupakia vyote kwenye lori moja.

Siku mbili za kumtafuta mzee yule zilikuwa kazi yenyewe.

5. Pipa lisilo na lebo linatambuliwaje?

Kwa uvumilivu, na kwa kudhani kuwa lina kitu kibaya kuliko vyote mpaka lijibu vinginevyo.

Kwanza linatazamwa bila kuguswa. Limevimba? Ndani kuna shinikizo, kwa hiyo litafunguliwa kwa mtambo wa mbali, watu wakiwa nyuma ya ngao. Limenywea? Huenda mvuke ulipoa na kuacha ombwe. Kuna fuwele kwenye kizibo? Hakuna anayelisogeza, wanaitwa wataalamu wa milipuko. Mionzi nayo inapimwa hapo mwanzo, hata kama hakuna anayeitarajia. Mwaka 1987 huko Goiânia, Brazil, wakusanya vyuma chakavu walichukua mashine ya tiba ya mionzi kutoka kliniki iliyotelekezwa, wakaifungua, na unga wa sezi uliong'aa gizani ukapita mkono kwa mkono. Watu 4 walifariki na 249 walikutwa na uchafuzi.

Pipa likishaonekana tulivu, linaunganishwa kwa waya na ardhi ili umeme tuli usitoe cheche, kisha kizibo kinalegezwa taratibu kwa spana ya aloi ya shaba isiyotoa cheche. Kipima gesi kinashikiliwa karibu na tundu. Anayefungua amevaa mtungi wa hewa mgongoni, na mwenzake amesimama upande upepo unakotoka.

Kinachofuata mimi hupenda kukitazama kila mara. Mrija mrefu wa kioo unateremshwa polepole mpaka chini ya pipa, tundu la juu linazibwa, mrija unainuliwa. Ndani yake unaona pipa zima limekatwa wima: sentimita kadhaa za mafuta ya kahawia juu, maji yenye ukungu katikati, tope zito jeusi chini. Aliyechota juujuu tu kwa kikombe angeandika "mafuta machafu" na kuendelea, kumbe hatari iko kwenye lile tope.

Sampuli hiyo inapitia vipimo vidogo palepale. Tone linadondoshwa kwenye maji: linaelea, linazama, linachanganyika, linatoa moshi? Karatasi ya pH inaonyesha kama ni tindikali au alikali. Karatasi ya wanga na iodidi ikigeuka buluu nyeusi, kuna kioksidishaji kinachoweza kuwasha moto. Waya wa shaba uliochovywa na kuwekwa kwenye mwali ukitoa rangi ya kijani, kuna uwezekano wa klorini au ndugu zake. Kuna vijiti vya sianidi na vya salfaidi. Baada ya hapo pipa hupewa namba kwa rangi isiyofutika, na namba hiyo hulifuata mpaka mwisho wa maisha yake.

Vipimo hivi havikuambii jina kamili. Vinakuambia pipa likae na nani na lisikae na nani, na hilo ndilo linalohitajika kwanza. Jina litatoka maabara baadaye.

Mwaka 1979 wakaguzi wa mazingira wa Marekani walihesabu mapipa yapatayo 17,000 katika bonde moja huko Kentucky, mengi yamepasuka, yakimwagika kwenye kijito. Hebu fikiria kuufanya utaratibu huu mara elfu kumi na saba.

6. Vitu gani havitakiwi kukutana kabisa?

Tindikali na sianidi: hutoa gesi inayoua kwa dakika. Tindikali na salfaidi: hidrojeni salfaidi, kisa cha kawaida katika viwanda vya ngozi. Dawa ya klorini na tindikali: gesi ya klorini. Dawa ya klorini na amonia: gesi za kloramini zinazochoma mapafu. Tindikali ya nitriki na kitu chochote kinachoungua, yakiwemo mafuta, matambara na maranda ya mbao: moto. Wapo wanaomwaga maranda juu ya tindikali ya nitriki ili "ikauke", na maranda yanashika moto yenyewe. Sodiamu na maji: hidrojeni na mlipuko.

Kabla ya kuunganisha mapipa mawili yanayofanana kwenye tangi moja, mkemia huchanganya mililita chache kwenye bika na kukaa akitazama kipimajoto. Joto likipanda, hayaunganishwi.

7. Wale wanaovaa kama wanaanga, ni lazima? Na kwa nini kuna kamba za rangi tatu?

Vazi hupangwa kulingana na hatari. Palipo na gesi isiyojulikana au inayopenya ngozi huvaliwa suti iliyozibwa kila mahali, yenye mtungi wa hewa ndani. Palipo na hatari ya kupumua lakini si ya ngozi kiasi hicho, mtungi hubaki ila suti ni nyepesi. Kinyago chenye kichujio huruhusiwa pale tu sumu inapojulikana kwa jina na kwa kiasi, na oksijeni inatosha. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wowote.

Ndani ya suti ile ni joto kali. Mtu hufanya kazi kwa muda mfupi, anatoka, anapimwa mapigo ya moyo, anakunywa maji. Msimamizi anayewahimiza watu "wamalize tu pipa hili" anahatarisha maisha yao.

Kamba zinagawa eneo. La ndani ndiko kwenye sumu. La kati ni la kuoshea: mabuti, glavu za nje, suti, kwa mpangilio uleule kila siku, na maji ya kuoshea yanakusanywa kwa sababu nayo sasa ni taka. La nje ni safi. Huko ndiko kuna gari la wagonjwa, chakula na simu. Hakuna anayepita kutoka ndani kwenda nje bila kuoshwa, hata mkubwa wa kazi. Ovaroli hazipelekwi nyumbani. Watoto wengi wa wafanyakazi wa betri wamepata risasi kutoka kwenye nguo za baba zao.

8. Tangi liko tupu na kavu. Tunaweza kuingia kulikata?

Tangi tupu linaweza kuua bila kuwa na kemikali hata moja. Chuma kinaposhika kutu kinatumia oksijeni. Tangi lililofungwa kwa miaka huishia kuwa na hewa isiyotosha kuishi. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Ikishuka chini ya 19.5, hakuna anayeingia bila mtungi wa hewa. Na mvuke wa viyeyusho vingi ni mzito kuliko hewa, hukaa chini kama maji usiyoyaona. Msumeno au gesi ya kukatia ukifika hapo, tangi linalipuka.

Mwenzako akianguka ndani, usimfuate. Najua ni neno gumu. Lakini katika ajali za mashimo na matangi, miili inayotolewa mara nyingi ni miwili au mitatu: aliyeingia kwanza, na waliotaka kumwokoa. Ndiyo maana anayeingia hufungwa kamba inayounganishwa na winchi, na mtu mmoja hukaa juu asiye na kazi nyingine yoyote zaidi ya kumtazama.

9. Kwa nini tusichome moto, au tuchimbe shimo tufukie?

Moto wa wazi haufiki joto linalotakiwa. Taka zenye klorini zikichomwa hivyo hutoa dioksini na furani, sumu mbaya kuliko zile ulizotaka kuziondoa, na metali haziungui kabisa, zinapanda na moshi au kubaki kwenye majivu. Tanuri halali la kuchomea PCB hufika nyuzi joto zipatazo 1,200 za Selsiasi, gesi ikikaa humo kwa sekunde 2, kisha moshi unaoshwa na kuchujwa.

Kufukia kulijaribiwa. Huko Niagara Falls, Marekani, kampuni ya Hooker Chemical ilifukia takriban tani 21,000 za taka kwenye mfereji wa zamani uitwao Love Canal, kati ya 1942 na 1953, ikaufunika kwa udongo wa mfinyanzi, kisha ikaiuzia bodi ya shule ardhi hiyo kwa dola 1. Ikajengwa shule, zikajengwa nyumba. Wajenzi wa mabomba na barabara waliutoboa ule mfuniko wa mfinyanzi, kwa kuwa hakuna aliyewakumbusha umewekwa kwa ajili gani. Mvua ikajaa ndani, na kemikali zikajitokeza kwenye vyumba vya chini vya nyumba na viwanja vya watoto. Mwaka 1978 Rais Carter alitangaza hali ya dharura na familia zikahamishwa.

10. Basi taka zinapelekwa wapi?

Inategemea ni nini. Viyeyusho na mafuta yenye PCB huenda kwenye matanuri niliyoyataja. Tindikali na alikali hupunguzwa makali mpaka ziwe za kati. Kromiamu ya aina sita, ile ya njano inayosababisha saratani, hubadilishwa kwa salfeti ya chuma kuwa aina ya tatu isiyo na sumu kali, ambayo hutuama kama tope. Sianidi huvunjwa kwa dawa ya klorini katika maji yenye alikali kali, hatua kwa hatua. Zebaki huunganishwa na salfa. Tope lenye metali huchanganywa na saruji ili lisichujike na maji, kisha hufungiwa kwenye dampo maalumu lenye tabaka za mfinyanzi na plastiki nzito chini na juu, mabomba ya kukusanya maji, na visima vya kupimia pembeni.

Kuna nchi nyingi zisizo na matanuri wala madampo hayo, na hapo ndipo ulaghai unapoingia. Mwaka 1988 maelfu ya mapipa ya taka kutoka Italia yalikutwa yamelundikwa kwenye uwanja wa mtu binafsi katika mji wa Koko, Nigeria. Mwaka uliofuata ulipitishwa Mkataba wa Basel, unaotaka nchi inayopokea iridhie kwanza kwa maandishi, na mwaka 1991 nchi za Afrika zikapitisha Mkataba wa Bamako unaokataza kabisa kuingiza taka hizi barani. Hata hivyo, Agosti 2006 taka za meli ya Probo Koala zilimwagwa sehemu mbalimbali za Abidjan, Ivory Coast, na maelfu ya watu wakakimbilia hospitali.

Kwa hiyo mkandarasi akikuambia "tumeziondoa", muulize zimekwenda wapi, na uombe hati ya safari ya kila mzigo ikiwa na sahihi ya aliyeupokea. Kuzihamishia kwa watu wengine si kusafisha.

11. Na udongo?

Udongo hupimwa kwa miraba na kwa kina, kwa sababu sumu haitandazwi sawasawa. Mita mbili zinaweza kutenganisha udongo mzuri na ule wa kuzikwa. Yaliyokolea sana huchimbwa na kuondolewa. Viyeyusho vinavyopaa hufyonzwa kwa pampu za hewa kupitia mabomba yaliyotobolewa. Udongo wenye mafuta unaweza kupashwa moto kwenye mtambo mpaka mafuta yatoke, au kuachiwa bakteria wanaoyala wakipewa hewa na mbolea. Kuna jimbi moja, Pteris vittata, linalofyonza aseniki kwa wingi wa kushangaza, lakini litachukua miaka, na majani yake nayo yatakuwa taka sumu.

Mahali pengine udongo hauondolewi, unafunikwa. Sipingi kufunika. Ninachopinga ni kufunika na kuondoka. Mfuniko unahitaji mtu mwenye bajeti, ramani na wajibu wa kisheria wa kuukagua, na katazo la kuchimba liandikwe kwenye hati ya kiwanja ili mnunuzi wa baadaye alikute.

12. Tunatumia maji ya kisima karibu na kiwanda. Tukiyachemsha yatakuwa salama?

Hapana. Kuchemsha huua vijidudu. Risasi na aseniki hubaki, tena hukolea maji yanapopungua sufuriani, na viyeyusho hupaa na kuingia kwenye hewa ya jikoni unayoivuta.

Hili la viyeyusho watu hawaliamini mpaka wapige hesabu. Trikloroethilini ilitumika kote duniani kuondoa grisi kwenye vyuma. Lita 1 ina uzito wa kilo 1.46 hivi. Kikomo cha Marekani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 5 kwa lita. Gawanya: lita hiyo moja inatosha kufikisha kwenye kikomo karibu lita milioni 290 za maji. Nayo ni nzito kuliko maji, kwa hiyo haielei kama petroli. Inazama mpaka igonge mwamba, inajificha kwenye nyufa, na kuendelea kuyeyuka kidogo kidogo kwa miongo.

Njia ya zamani ni kuyapampu maji, kuyasafisha na kuyarudisha, kazi inayoweza kuendelea kwa miaka thelathini. Njia nyingine ni kuchimba mtaro na kuujaza chembechembe za chuma, maji yakipita humo klorini inang'olewa. Wapo pia bakteria waitwao Dehalococcoides wanaofanya kazi hiyo wakilishwa vizuri, ila lazima wafuatiliwe: katikati ya safari sumu hugeuka vinili kloridi, ambayo ni mbaya zaidi, na wasipoimaliza utakuwa umewapa watu maji mabaya kuliko ya mwanzo.

Mpaka kisima kipimwe maabara kwa kemikali zinazohusiana na kiwanda hicho, tafuteni maji mengine ya kunywa na kupikia. Kipimo cha kawaida cha vijidudu hakitoshi.

13. Inachukua muda gani?

Kuondoa mapipa ni miezi. Udongo ni miaka. Maji ya ardhini ni miongo. Ghuba ya Minamata, Japani, iliyochafuliwa na zebaki ya kiwanda cha Chisso, ilichimbwa tope na kufukiwa kuanzia 1977 hadi 1990. Love Canal ilitolewa kwenye orodha ya Marekani ya maeneo ya kipaumbele ya kusafishwa mwaka 2004. Huko Bhopal, India, gesi ya sumu ilivuja kwenye kiwanda cha dawa za wadudu Desemba 1984, lakini tani 337 za taka zilizokuwa zimehifadhiwa kiwandani ziliondolewa Januari 2025, kwa makontena 12, kwenda kuchomwa Pithampur, ambako wakazi waliandamana kuzipinga. Tani hizo ni zile zilizokuwa zimekusanywa juu ya ardhi. Udongo na maji ya chini ni habari nyingine.

14. Nani analipa?

Kanuni ni kwamba aliyechafua ndiye alipe. Imo kwenye Azimio la Rio la 1992, kanuni ya 16, na kwenye sheria za nchi nyingi. Marekani, kwa sheria ya 1980 iliyotokana na Love Canal, inaweza kumdai mmiliki wa sasa, wa zamani, aliyeleta taka na hata aliyezisafirisha.

Shida ni kwamba kampuni hufilisika na wakurugenzi hufungua nyingine. Ninaamini kwa dhati kwamba fedha za kusafisha zinapaswa kuwekwa kama dhamana siku kiwanda kinapopewa leseni. Siku ya kufunga hazipatikani. Wewe unayenunua kiwanja cha zamani, pima kabla ya kusaini, kwa sababu unaweza kununua deni lisiloonekana.

15. Tumeambiwa pamekuwa "safi". Tunaweza kujenga na kulima?

Uliza: safi kwa matumizi gani? Kiwango cha ghala si cha nyumba, na cha nyumba si cha bustani. Mtoto mdogo hutia mikono yenye udongo mdomoni, na kwa risasi Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mboga za majani hufyonza kadimiamu vizuri kuliko tunavyopenda. Viyeyusho vilivyobaki chini hupanda kama mvuke na kuingia ndani kupitia nyufa za sakafu, hata kama udongo wa juu ni mzuri.

16. Mapipa matupu tunaweza kuyatumia kuhifadhia maji?

Hapana. Hata yakioshwa mara kumi. Plastiki hunyonya kemikali na kuitoa taratibu, na pipa la chuma huificha kwenye mikunjo. Yatobolewe ili asijitokeze wa kuyauza.

17. Bado wapo wazee waliofanya kazi humo. Serikali haijaanza lolote. Tufanye nini nao?

Waandikieni sasa, msisubiri mradi. Nendeni na kila mmoja mpaka nje ya uzio, si ndani, achore ramani kwa mkono wake: mlango ulikuwa wapi, mtaro ulielekea wapi, shimo lililofunikwa zege lilikuwa upande gani, lori la usiku lilimwaga wapi. Andikeni majina waliyoyatumia wao, hata kama ni ya utani. "Dawa ya kijani", "maji makali", "unga wa Jumatatu": mkemia akijua kiwanda kilitengeneza nini, mara nyingi atayatambua. Waulizeni nani aliugua, akiwa idara ipi, mwaka gani. Wekeni tarehe na jina la aliyesema, tengenezeni nakala tatu, moja ikae kwa mtu asiyeishi hapo.